Mhuri wa Kumi na Tisa

Kijitabu cha baba kina mihuri kumi na minane,
kila mmoja na doa lake:
huu ulinyeshewa, huu una mafuta ya soseji,
huu wa mwaka niliozaliwa umegongwa mara mbili,
kwa furaha au kwa ulevi, mama hasemi.

Kiangazi hiki magoti yamemgomea.
"Yana haki," asema. "Miaka arobaini nayapandisha
bila nyongeza ya mshahara."
Ni mtu wa tanuri la chuma, Jesenice;
hata magoti anayasemea kama chama cha wafanyakazi.

Basi amebaki ziwani, kwenye kiti cha kukunja,
nyayo ndani ya maji yaliyokuwa theluji juzi,
katikati ya watoto wenye maboya
na Waholanzi wanaopuliza mashua ya mpira hadi macho yawatoke.
Redio inamtangazia hali ya hewa
ambayo yeye keshaisoma kwenye mkia wa wingu.
"Saa nane, radi," akaniambia. "Uwe umeshagonga."

Nikatoka saa kumi alfajiri, taa kwenye paji la uso.
Kwanza msitu, unaonuka utomvu,
ambako mlima haujakubali bado kuwa mlima.
Kisha nyasi, na ng'ombe wenye kengele,
kila mmoja akipiga umbea kwa sauti yake.
Kisha mawe. Mawe meupe, yasiyo na adabu:
unawapa hatua mbili, yanakudai moja.

Kisha ukuta.
Misumari minene kama gumba la fundi,
imeng'arishwa na viganja vya watu nisiowajua.
Fungua. Funga. Fungua. Funga.
Chini ya visigino vyangu, hewa tupu,
na kunguru mwenye mdomo wa manjano, ameelea pale pale,
akinitazama kama mwenyeji anavyomtazama mgeni
aliyeshika uma kinyume.

Hapo niliogopa, sifichi.
Mguu wa kushoto ukaanza kwenda kama cherehani,
ukishona kitu ambacho hakuna aliyekiagiza.
Nikaukemea kwa sauti isiyo yangu:
"Polepole, Zarja. Msumari haukimbii."

Nyumba ya wapandaji imebanwa begani pa mlima.
Ndani, supu ya maharage na kabichi chachu,
vijana wawili wamelala mezani na helmeti zao,
na Jerica, mtunzaji, akikata mkate kifuani.
Mhuri ulikuwapo, umefungwa kwa uzi, kama mbuzi.
Kidau cha wino kilikuwa kikavu kuliko njia niliyopita.

"Wino unakuja na nyumbu, Alhamisi."
"Leo Jumatatu."
"Ndiyo," akasema, akaendelea kukata mkate.

Nikakiweka kijitabu mezani, sikusema neno.
Alikifunua kwa kidole cha unga,
akasimama kwenye ukurasa ulionyeshewa,
akahesabu, nadhani, midomo ikicheza.
Kisha akachota bakulini matunda ya kichakani,
madogo kama shanga, meusi nje, zambarau ndani,
yaliyokuwa yakingoja keki,
akayaponda kwa kitako cha glasi,
akachovya mhuri, akanipa.
"Gonga wewe. Mimi simjui."

Nikagonga. Saa sita na robo.

Kupanda nilipanda;
kushuka ndiko kulikonijulisha magoti ya baba,
moja moja, kwa majina yao.
Radi ilinikuta msituni, saa nane na dakika tano.
Nilifurahi kumpata na kosa la dakika tano.

Alikuwa pale pale, amelowa, hakuhama,
mwavuli ameufunikia redio.
Akafunua ukurasa. Zambarau ilishaanza kuwa kahawia,
na mbegu moja imekwama ndani ya herufi ya kwanza.
Akatazama muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Umeugonga kichwa chini," akasema.

Akakigeuza kijitabu,
na ile mingine yote kumi na minane
ikasimama kwa vichwa.
Akatia kidole ulimini, akaugusa mhuri, akaonja.

"Mwaka huu," akasema, "yamewahi kuiva."